Land Rover ya Misioni Yaenda Temeke

Wengi wenu mnaisikia Dar es Salaam kwa vinywa vya watoto wenu waliokwenda kutafuta kazi: bandari, Kariakoo, majumba marefu ya Posta. Leo nataka kuwachukua upande mwingine wa mji, Kinondoni kwanza na kisha Temeke, ambako motokaa kuukuu hufunguliwa vipande vipande na kufungwa tena. Nilikaa huko majuma kumi na moja mwaka 2024, kwa ajili ya gari moja tu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya parokia yetu, huko milimani Uluguru. Ilitoka Uingereza kwa meli mwaka 1964, ikapanda milima mwaka ule ule ikiendeshwa na padre Mholanzi wa Shirika la Roho Mtakatifu. Ilibeba saruji ya kanisa, mabati, mahindi, maharusi, majeneza, na zaidi ya yote wagonjwa. Wapo watu parokiani petu waliozaliwa ndani yake kabla haijafika hospitali, nao hujisifu kwa jambo hilo. Mwaka 1998 ilishindwa kupanda kilima, ikasukumwa hadi bandani nyuma ya nyumba ya mapadre, na kuku wakaingia kutaga.

Masika ya mwaka 2024 nyote mnayakumbuka jinsi yalivyokuwa makali. Barabara ya kigango chetu cha mwisho ilikatika, pikipiki zikashindwa kupita. Usiku mmoja mama mwenye uchungu wa uzazi alibebwa kwa machela, watu wanapokezana gizani na tope likiwafika magotini, wakafika zahanati ya Masista kumekucha. Mama alipona. Mtoto hakupona. Juma lililofuata Halmashauri ya Walei ilikutana, na hakuna aliyeuliza kwa nini Land Rover imeandikwa katika ajenda.

Wengine walisema iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wengine walisema itengenezwe. Hawa wa pili walishinda, na jumuiya zikachanga: maharage, ndizi, kuku, fedha taslimu. Jumla ikawa shilingi milioni tano na nusu. Nikachaguliwa mimi katibu kuifuata kazi, kwa sababu nina shemeji Kinondoni. Haikuwa kwa sababu najua motokaa. Sijui kuendesha hata pikipiki.

Basi tukaipandisha Land Rover juu ya lori, tukaifunga kwa minyororo, tukateremka Morogoro, Chalinze, Kibaha, mpaka Ubungo. Asiyefika Dar siku nyingi ajue kwamba wilaya zake si tatu tena kama zamani, Kinondoni, Ilala na Temeke. Tangu mwaka 2016 ni tano, kwa kuwa Ubungo ilitolewa katika Kinondoni, na Kigamboni katika Temeke. Shemeji yangu anakaa Kinondoni ya ndani, nyuma ya Barabara ya Kawawa, ambako nyumba zimesongamana na vichochoro vina majina ambayo mgeni hayakamati. Mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hupita hapo yakitoka Morocco kwenda Magomeni. Kando ya barabara utaona yadi za magari yaliyotoka Japani, yamepangwa kama vyombo kabatini, meupe na ya fedha, matairi yamepakwa dawa ya kung'aa.

Nadhani kung'aa kule ndiko kulikonipoteza. Gereji ya kwanza niliyopelekwa ilikuwa jirani na kwa shemeji. Vijana wake walikuwa wachangamfu. Walilizunguka gari letu, wakapiga picha kwa simu, wakasema, "Katibu, bodi hii haina kutu hata kidogo. Tukilinyoosha na kulipiga rangi, Jumapili utalipenda." Nami nililipenda hata kabla ya Jumapili. Nawaambieni kweli, nilikuwa nimekwisha kuona katika mawazo yangu jinsi nitakavyoingia kijijini, gari kijani linameremeta, watoto wanakimbia nyuma. Nikatoa fedha za rangi. Milango miwili na boneti vilikwisha kupakwa, na vilipendeza sana, ndipo shemeji yangu aliporudi safari akauliza, "Chini mmetazama?" Hakuna aliyekuwa ametazama chini.

Shemeji ndiye aliyenipeleka Temeke, kwa mzee mmoja wa upande wa Chang'ombe.

Temeke ina sura yake. Ndiko iliko stesheni ya TAZARA, mwanzo wa reli ya kwenda Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ndiko uliko Uwanja wa Uhuru, ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Malori ya bandarini hayalali. Vumbi, moshi, mlio wa nyundo, na mama lishe wanaopita na sinia la chapati vichwani. Chang'ombe kuna chuo cha VETA, na vijana wengi wakimaliza hapo husogea hatua chache tu wakaanza kazi chini ya mwembe. Gereji ya mzee huyo ilikuwa namna hiyo: miembe miwili, mabati ya kukinga mvua, shimo la kuingia chini ya gari, na kontena moja la kutunzia vyombo.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea bibi harusi?" Alikuwa anatazama ule mlango unaong'aa.

Mzee huyu alianza kazi mwaka 1967 katika karakana ya serikali, na Land Rover ndiyo motokaa ya kwanza aliyofundishwa. Hakugusa injini. Alichukua nyundo ndogo, akaingia chini, akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia, nga! Akagonga, kikalia. Akasogea, kikalia. Alipofika chini ya mlango wa dereva, sauti ikawa pu, kama kugonga papai. Akagonga kwa nguvu kidogo na nyundo ikazama. Alipoitoa, udongo mwekundu ukamwagika, udongo wa Uluguru, uliokaa humo miaka mingi.

"Huu ndio ugonjwa," akasema. "Wamekupakia mgonjwa poda."

Hapo akanieleza habari ambayo nataka nanyi muielewe, maana magari haya yako mengi misheni na vijijini. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, mkuu wa mafundi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa akitumia Jeep ya Kimarekani katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey, akataka gari la Kiingereza la kazi kama ile. Vita vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Aluminiamu, iliyokuwa ikitengenezewa ndege za vita, ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikafanywa ya aluminiamu, na chasisi ikabaki ya chuma. Aluminiamu haipati kutu nyekundu. Ndiyo sababu mtu huweza kuitazama Land Rover ya miaka sitini akasema ni nzima, kumbe yasimama juu ya mifupa iliyooza.

Tena chasisi yake ni sanduku refu la bamba nne zilizochomelewa kingoni. Tope na maji huingia kwa matundu, hayatoki upesi, nayo kutu hula kutoka ndani kuja nje. Huwezi kuiona mpaka itoboke. Na pale ambapo aluminiamu imegusana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo huliwa, ikawa unga mweupe kama chokaa. Hewa ya chumvi ya pwani huzidisha mambo hayo. Mzee alikwangua chini ya mlango wetu mpya wa kijani kwa ukucha, na unga ukaanguka. Rangi ile wala isingekaa, maana aluminiamu hutaka kwanza rangi ya msingi yenye asidi ili rangi nyingine ishike.

Akakadiria kazi. Milioni moja na zaidi nilikuwa nimekwisha kuimwaga Kinondoni. Zilizobaki zilitosha chasisi na breki, basi. Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza jinsi nitakavyosimama mbele ya Halmashauri.

Kesho yake jaribu likaja, nalo lilikuja na adabu zote. Bwana mmoja wa mjini alipita, akaliona gari, akashuka katika lake. Alinieleza kwamba yeye na wenzake hununua Land Rover za zamani na kuzirudisha zilivyokuwa, kwa mapenzi tu, kama watu wanaotunza saa za babu. Alijua gari letu kuliko mimi: akanionyesha taa za mbele zilizokaa karibu karibu katikati ya uso, akasema kwamba miaka michache baadaye zilihamishiwa kwenye madigadi, na kwa hiyo uso kama huu unatafutwa. Mambo hayo si mzaha. Oktoba ile ile mamia kwa mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa sikukuu ya magari hayo, na chini ya miembe ya Temeke hakukuwa na mazungumzo mengine. Yule bwana akataja bei. Ilizidi mara mbili mchango wote wa parokia. Kwa fedha hizo ningepata motokaa ndogo ya Kijapani iliyotumika, nirudi nayo nyumbani, na hakuna ambaye angeuliza habari ya rangi.

Nikampigia simu Baba Paroko. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Gari si langu wala si lako. Ngoja Jumapili."

Wakati nikingoja nilikumbuka jambo ambalo katekista wetu wa zamani alipenda kutusimulia. Mwaka 1925, huko Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo siku hizi ni Namibia, padre mmoja Mjerumani, Otto Fuhrmann wa Shirika la Oblati, alishikwa na homa mbali na hospitali, akafa kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumfikisha kwa wakati. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani wa ndege katika Vita Kuu ya Kwanza, hakukaa akilia tu. Mwaka 1927 alianzisha Ujerumani chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, kiitwacho MIVA. Tawi la Austria lilianza mwaka 1949, na hadi leo madereva wa huko hutoa sadaka mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, kwa ajili ya motokaa za misioni. Mimi nilifikiri gari la misioni ni la kumpelekea Padre Misa. Kumbe lilianza kwa mgonjwa aliyekosa kubebwa.

Jumatatu simu ikalia. Hakuwa Paroko, bali mwenyekiti wa WAWATA wa parokia yetu, mama ambaye hapendi maneno mengi.

"Katibu, hiyo gari ndogo utakayonunua, itapita mto?"

Nikasema haitapita.

"Basi rudi kwa fundi. Sisi tuna maharage mengine."

Kazi ikaanza kweli. Gari lilivuliwa nguo zote. Bodi ikawekwa kando, skrubu zikatiwa ndani ya makopo ya maziwa yaliyoandikwa kwa chaki. Chasisi ikageuzwa ubavu. Mzee alikata sehemu zilizooza mpaka akafika penye chuma kinachong'aa, akachomelea bamba mpya nene, kisha akamimina ndani ya sanduku oili chafu iliyochanganywa na grisi, akiizungusha chasisi ili ipake kila pembe. "Hii haiuzwi dukani," alisema, "lakini mwanao atakuja kuikuta." Ukuta wa mbele, unaotenganisha injini na abiria, nao ni wa chuma, ukawa na matundu miguuni mwa dereva. Penye aluminiamu iliyoliwa hawakuchomelea, maana moto wa kawaida huiyeyusha tu. Walikata viraka na kuvipiga ribiti, na katikati ya chuma na aluminiamu wakaweka vipande vya mpira wa ndani wa tairi ili visigusane.

Injini ilileta ubishi. Mafundi wengi wa siku hizi huitoa ile ya asili na kutia ya Toyota au Isuzu, nao wana haki. Ile ya zamani, ya petroli, silinda nne, lita mbili na robo, hula sana: kilomita tano au sita kwa lita moja ni kawaida. Vijana wa gereji walitaka Isuzu. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Huko kwenu, betri ikifa, mnafanyaje?" Nikasema tunangoja. Akaniletea hendeli ya chuma, akaiingiza puani mwa gari, akanifundisha kuzungusha bila kuvunjika mkono, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Injini ya asili ikabaki. Ringi za pistoni zilipatikana Gerezani, Ilala, baada ya kuuliza maduka saba. Bushi mbili hazikupatikana popote. Zikachongwa na fundi wa mashine, hatua mia tatu kutoka tulipokuwa. Hili nalipenda katika Temeke: kitu kisichouzwa huchongwa.

Umeme ulishikwa na binti mmoja aliyetoka VETA, umri wake hata miaka ishirini na miwili sidhani. Ndiye aliyegundua kwamba gari letu, kwa desturi ya magari ya miaka yake, lina waya wa chanya uliofungwa kwenye bodi, badala ya hasi. Fundi asiyejua angefunga betri kinyume na kuharibu mambo. Wazazi mnaouliza kama kazi hii yawafaa mabinti, mimi nimejibiwa.

Breki zilichukua juma zima, kwa sababu mipira yote ilikuwa imekauka ikawa migumu kama maganda ya nazi. Springi, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zilikuwa zimeshikana kwa kutu zikawa kitu kimoja. Zikafunguliwa, zikasuguliwa, zikatiwa grisi. Ijumaa mchana kazi ilisimama, Mzee na vijana wake wakaenda msikitini. Jumapili nilikwenda Misa mimi, na mtu wa kulinda gari akawa Mzee. Hakutaka kulipwa kwa siku hizo.

Fedha ya rangi haikupatikana tena. Kwa hiyo gari likafungwa lilivyo: milango miwili na boneti kijani cha kumeremeta, mahali pengine pote rangi ya msingi ya kijivu. Vijana waliliita Kanga.

Siku ya kulijaribu, Mzee alichagua kilima cha Pugu. Tulitoka kwa Barabara ya Nyerere, tukapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto. Wengi mnapajua Pugu kwa hija. Ndipo Wabenediktini walipoanzisha misioni yao ya kwanza mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misioni ikashambuliwa na kuteketezwa, wamisionari watatu wakauawa. Ndipo pia Mwalimu Nyerere alipofundisha shule kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Sisi siku ile tulikwenda kwa ajili ya mwinuko wake na njia za udongo za pembeni. Mzee aliendesha. Penye utelezi akakisukuma chini kirungu cha manjano, na magurudumu manne yakashika. Penye mteremko mbaya akasimama, akauvuta wenzo mwekundu, na gari likashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, bila kukanyaga breki. Tulipofika juu akazima injini, akalala chini na kutazama. Tone moja la oili lilikuwa limeanguka. Akalitazama, akasema hilo tuliache.

Nikamwomba dakika kumi niingie kusali. Nilipotoka nilimkuta anagonga chasisi kwa ile nyundo yake, mahali pale pale chini ya mlango wa dereva. Ilikuwa inalia.

Tulirudi nyumbani katikati ya Novemba, mvua za vuli zimeanza. Dereva wa parokia alifuata lori zima njiani bila kulipita, kwa maagizo ya Mzee kwamba tusizidishe kilomita sitini kwa saa. Katika Halmashauri nilieleza habari ya rangi ya Kinondoni kwanza, kabla ya hesabu nyingine zote. Walinyamaza kidogo. Kisha mwenyekiti wa WAWATA akauliza kama benchi za nyuma zinakunjika ili machela iingie. Zinakunjika. Kioo cha nyuma bado hatujapata, tumeweka turubai, na breki ya mkono yataka kutazamwa tena. Mpaka ninapoandika haya gari limekwisha kuvuka mto mara nne, mara tatu mchana na mara moja usiku.